Land Cruiser VX ya 1HD-T: giaboksi ya otomatiki imechoka, niweke manuali au nikomae nayo?

Viazi Mviringo

Habari za jioni wakuu.

Nina Land Cruiser VX ya mwaka 1992, HDJ81, injini ya dizeli ya tabo 1HD-T, giaboksi ya otomatiki. Niko Makete, nalima viazi, na gari hii ndiyo inanitolea mzigo shambani mpaka barabara kubwa, mara nyingi na trela nyuma. Masika ya huku mnaoyajua mnayajua: utelezi, makona, na kupanda kusikoisha.

Ikiwa baridi inakwenda vizuri tu. Ikishapata moto, hasa kupandisha na trela, injini inalia, mshale wa RPM unapanda, gari haisogei kwa kiasi hicho. Rivasi nayo nikiingiza inasubiri kwanza, halafu inashika kwa kishindo. Nimechomoa kijiti cha oili ya giaboksi nikakuta oili ya kahawia inanuka kuungua. Nikabadilisha oili na chujio, ikatulia kidogo, sasa imerudi kulekule.

Fundi wa Njombe anasema tung'oe otomatiki tuweke manuali, "kazi ya wikiendi moja". Fundi wa Mbeya anasema hiyo ni njia ya kuzika hela. Shemeji yangu anataka ninunue otomatiki nyingine ya mtumba. Nimebaki katikati. Mwenye uzoefu wa kuhamisha Land Cruiser 80 (familia ya hii yangu) kutoka otomatiki kwenda manuali anisaidie: inawezekana bila kuharibu gari? Vifaa gani natakiwa niwe navyo? Na kwa kazi yangu hii inalipa?

Natanguliza shukrani.

Mpiga Honi

Uza hiyo, ongeza hela kidogo, chukua Fuso. Viazi havijui kama vimepanda VX.

Viazi Mviringo

Mkuu, Fuso njia ya kwangu haifiki. Ingefika nisingekuwa hapa.

Dada Spana

Kaka, kabla hujang'oa chochote, mambo mawili ya bei ndogo. Hiyo giaboksi yako, A442F, ina kebo inayotoka kwenye mkono wa pampu ya dizeli kwenda giaboksi. Kebo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi umekanyaga mafuta kiasi gani, na presha ya ndani inaifuata. Ikilegea, au fundi aliyegusa pampu akaisahau, klachi za ndani zinashikwa kwa presha ndogo, zinateleza, zinaungua. Mwambie mtu akanyage mafuta mpaka chini injini ikiwa imezimwa, wewe angalia kebo inavutika mpaka mwisho au imebaki inaning'inia.

La pili, taa ya O/D OFF (ya kuzima ovadraivu, gia ya mwisho ya otomatiki) kwenye dashibodi. Ikiwa inapepesa yenyewe ukiwa barabarani, kompyuta ya giaboksi inalalamika, na inaweza kuwa waya au solenoidi tu, vile vivali vya umeme vya ndani.

Viazi Mviringo

Asante dada. Kebo nimeitazama leo, inavutika mpaka mwisho. Taa haipepesi. Ila nilipomwaga oili mara ya kwanza, sampu, bakuli la oili la chini, ilikuwa na unga mweusi mwingi, na vile vismaku vya chini vimejaa chuma.

Dada Spana

Basi pole. Unga mweusi ni pleti za klachi zenyewe. Hapo oili mpya haiponyi kitu. Unachagua kuifungua na kuijenga upya, kununua nyingine, au kuhamia manuali. Mtumba wa otomatiki mimi siushauri: unanunua giaboksi ya umri uleule iliyoishi maisha usiyoyajua.

Fundi Kimya

Nimefanya kazi hii kwenye 80, nieleze inavyokuwa gereji, siyo inavyosimuliwa kijiweni.

Una bahati ya injini. Pampu ya 1HD-T ni ya kimakanika, haisubiri ruhusa ya kompyuta ya giaboksi. Ukiitoa A442F injini haina habari. Wenye 1KZ-TE, yenye pampu ya kuendeshwa na kompyuta, ndio wanaohangaika na waya. Halafu Toyota wenyewe waliuza 80 yenye injini yako na giaboksi ya H151F ya gia tano, kwa hiyo fundi asikubunie kitu. Akianza kuzungumzia kuchomelea maunting au kuchonga adapta, ondoka hapo, maana kila kifaa kilishatengenezwa kiwandani.

Kinachoangusha watu ni kununua giaboksi peke yake. Gari inashushwa, ndipo safari za Ilala na Gerezani, kwenye maduka ya spea ya Dar, zinaanza, leo hiki kesho kile, na kila kimoja muuzaji anajua umekwama. Unatakiwa uwe na giaboksi na transfa yake (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) zikiwa zimeshikana. Kombe la mbele linaloifunga kwenye injini. Flaiwili na boliti zake (zile za pleti nyembamba ya otomatiki usizirudishe). Pleti, presha pleti, rilisi beringi na uma wake. Masta silinda ya klachi, silinda ya chini na paipu yake. Boksi zima la pedeli. Mikono ya gia na mipira yake. Kifuniko cha sakafuni. Mkingamo wa chasisi na maunting. Na propela zote mbili. Propela usiamini za kwako zitafaa. Pleti na presha pleti nunua mpya za 1HD-T. Zile za 1HZ zilipangiwa injini isiyo na tabo.

Sasa kuna sehemu moja mafundi wengi wanaipita haraka. Kwenye mkia wa kranki, pale katikati, kunakaa kiberingi kidogo kinachoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Gari yako ya otomatiki haina, hapo ilikuwa inakaa pua ya toki konveta (inayoshika nafasi ya klachi kwenye otomatiki), kwa hiyo utakuta kutu na masizi. Pasafishwe kwa msasa laini mpaka pang'ae, halafu beringi mpya igongwe taratibu kwa soketi inayokaa kwenye ukingo wake wa nje. Akigonga katikati, beringi imekufa kabla haijafanya kazi, na kilio utakisikia baadaye kila ukikanyaga klachi. Kuirekebisha ni kushusha giaboksi nzima tena, kwa kiberingi cha bei ya chai na chapati.

Pedeli: kwenye ya mwisho niliyofanya, ukuta wa injini ulikuwa na kibati cha kuziba mahali pa masta silinda ya klachi. Ukikitoa, masta inakaa. Pedeli pana ya breki inatoka, inaingia nyembamba.

Waya ni kidogo. Gari yako inakubali kuwaka ikiwa P au N tu, swichi hiyo ikitoka lazima mzunguko wake uunganishwe, la sivyo utapiga ufunguo mpaka jua lizame. Mimi huupitisha kwenye swichi ya pedeli ya klachi, gari isiwake mpaka umekanyaga. Taa za rivasi zinahamia kwenye swichi ya giaboksi mpya. Paipu mbili za oili zinazoingia chini ya rejeta zinazibwa. Kebo aliyoitaja Dada Spana inatolewa.

Wikiendi moja? Labda kama vifaa vyote viko sakafuni na mafundi walishaifanya kabla.

Mwana wa Sharjah

Salaam ndugu zangu. Niongeze moja kwa wanaoagiza huku. H151F zipo, ila Ghuba yote 80 nyingi zilikuwa za petroli, 1FZ. Giaboksi inaandikwa H151F hiyohiyo, lakini kombe la mbele ni la 1FZ na halikai kwenye 1HD. Muuzaji atakwambia "same same", na hakudanganyi kwa jina, anakudanganya kwa umbo. Atakayenunua kwa picha ya WhatsApp adai picha ya mbele, kombe likiwa limefungwa. Ya 1HZ ndiyo ndugu wa injini yake.

Otomatiki Damu

Naona wote mmekubaliana kuzika otomatiki bila kesi. 80 ya otomatiki kwenye tope ni raha: unaigusa mafuta kidogo, toki konveta inasukuma taratibu, tairi halikurupuki. Na trela kwenye kilima, hakuna kuchoma klachi wakati wa kuondoka. Iliyokufa imekufa kwa joto. Angeijenga upya, akaweka kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta, akazima O/D wakati wa kupanda, ingemfikisha mbali. Watu wanavuta trela nazo dunia nzima.

Fundi Kimya

Sikatai hata moja. Swali ni nani ataijenga Makete au Njombe. Kit ya klachi na sili utaagiza, lakini mtu wa kuifungua A442F, kusafisha vali bodi na kuifunga bila kuacha kimpira kimoja mezani, kusini hii hawajai mkono. H151F akiivunja, fundi yeyote wa Makambako anaifungua. Na kuna kushuka. Mteremko wa Kitonga na mzigo, gia ya pili ya manuali inakushika mpaka chini. Otomatiki ukiiweka 2 inashika, ila siyo kwa uzito uleule, breki zinabaki na kazi zaidi.

Otomatiki Damu

Kwa hoja ya fundi nakuunga mkono. Kwa hoja ya tope sisogei.

Kijana wa Thika Road

Mimi niko Nairobi, ndugu yangu mkubwa alibadilisha yake, nami ndiye huiendesha sana. Kule shamba utafurahia, gia ya kwanza ni fupi kabisa, inatoka na mzigo bila kelele. Lakini kwa lami utaisikia. Gia ya mwisho ya otomatiki ni ndefu kuliko ya tano ya H151F, kwa hiyo kwa mwendo uleule injini inazunguka zaidi. Inategemea pia difu ulizo nazo. Angalia kile kibati cha ndani ya boneti, kuna mstari wa akseli na giaboksi, linganisha hizo herufi na jedwali la Toyota kabla hujalipa mtu. Kama safari zako ni za shamba, usijali.

Mzee wa Gereza la Mafuta

Kijana wa viazi, wote wanakwambia habari za giaboksi. Mimi nakuuliza injini. 1HD-T za miaka ya mwanzo, na yako imo, zinajulikana kwa beringi za konrodi kuisha mapema. Zikishika, kranki imekwenda na blok pengine. Waliotangulia kununua hizi gari kwetu wengi hawakuwahi kushusha sampu hata mara moja. Kabla hujafunga klachi mpya nyuma ya injini hiyo, shusha sampu ya injini, toa kofia za konrodi, tazama beringi. Ukikuta shaba imejitokeza badilisha seti yote sita. Kazi ya siku moja.

Viazi Mviringo

Mzee shikamoo, hilo sikuwa nalijua. Nitashusha.

Wakuu, nimepata taarifa. Mafinga kuna GX ya 1HZ, manuali, imepinduka, bodi haifai. Mwenyewe anauza giaboksi peke yake, na gari nzima anauza kwa bei ambayo ni kama mara mbili ya giaboksi. Nichukue kipi?

Fundi Kimya

Gari nzima, bila kufikiri. Pedeli, propela, mkingamo, mikono, paipu, hata skrubu za kifuniko cha sakafuni, vyote viko pale na vinalingana. Na 1HZ ikiwa salama inauzika kesho yake, kuna wenye Hardtop wanaitafuta.

Lakini kabla ya kutoa hela, tazama mambo haya. Magurudumu ya mbele: kama katikati kuna friwili za kuzungusha kwa mkono, transfa yake ni ya kuingiza 4WD kwa hiari. Yako VX inavuta zote nne muda wote, na difu ya kati iko ndani ya transfa. Ukiichukua hiyo ya hiari, chukua na hab za mbele pamoja na friwili zake, na jua kazi imeongezeka na tabia ya gari imebadilika. Kama hakuna friwili, afadhali zaidi.

Pili, shafti ya nyuma ya giaboksi pale inapoingia transfa. Meno yake hulika kwenye familia hii ya giaboksi. Mwombe atenganishe transfa mbele yako, upitishe kucha kwenye meno. Yakiwa yamechongoka kama ya msumeno, hiyo ndiyo "tak!" utakayoisikia kila ukikanyaga na kuachia mafuta, na bei ishuke sana au uache.

Tatu, staata. VX nyingi zilizotoka Japani zinawaka kwa volti 24, betri mbili. Hiyo GX inaweza kuwa ya volti 12. Usihamishe staata bila kusoma kibati chake.

Dada Spana

Na mwambie asikate nyaya kwa panga, ninawajua. Swichi ya taa za rivasi na plagi yake uzitoe wewe mwenyewe.

Viazi Mviringo

Nimempigia, friwili hazipo. Anadai atatenganisha transfa nikiwahi kabla ya fundi wake kwenda Iringa. Naondoka alfajiri na tochi na kitambaa. Nikifika nitaweka picha za hayo meno hapa kabla sijatoa shilingi, Fundi Kimya naomba usilale.

Fundi Kimya

Piga picha kwa pembeni, mwanga utoke ubavuni. Ukipiga kwa mbele meno yote yanaonekana mapya.