Nina dakika 15 za kumweleza Maria Lamas. Nianzie wapi?

Bibi Kalamu: Wanajamvi, naomba ushauri. Niko Lisbon, tuna kikao cha vitabu cha wanawake Waswahili, na zamu hii ni yangu. Nimemchagua Maria Lamas (1893–1983), mwandishi Mreno aliyetetea haki za wanawake. Shoga yangu anasema nianze na jela: utawala wa dikteta Salazar ulimfunga zaidi ya mara moja, baadaye akaishi uhamishoni Paris. Mimi moyo unanivuta kwenye maonyesho ya 1947, vitabu karibu 3,000 vya waandishi wanawake kutoka nchi mbalimbali, vikapangwa ukumbini hapahapa Lisbon. Mwaka huohuo serikali ikalifunga Baraza la Taifa la Wanawake, chama cha kutetea haki zao alichokuwa akikiongoza. Vitabu tu, jamani! Mnasemaje?

Mkunazini: Maonyesho, dada. Jela wamepita wengi. Serikali kuogopa meza za vitabu ndiyo habari.

Chumvi na Ndimu: Napinga. Anza na Tia Filomena, yaani Shangazi Filomena, jina alilojibia barua za wasomaji katika Modas e Bordados, jarida la mitindo na tarizi alilolihariri tangu 1930. Wanawake walikuwa wakimwandikia kuomba ushauri, kama wewe hapa.

Kipanga: Tarizi na ukombozi wapi na wapi?

Chumvi na Ndimu: Kaka, mume akimkuta mkewe na jarida la kudarizi atauliza nini?

Kipanga: Haya, nimekoma.

Mama Pwani: Mwanangu, beba kitabu chenyewe, As Mulheres do Meu País, Wanawake wa Nchi Yangu. Baraza lilipofungwa, na kazi ya jaridani ikamponyoka, alizunguka Ureno yote na kamera. Kikatoka sehemu kwa sehemu, 1948 hadi 1950. Picha nyingi kapiga mwenyewe. Kuna wauza samaki na makapu yao kichwani, kuna wa mashambani. Wakubwa walikuwa wakihubiri kwamba mwanamke kazi yake ni nyumba, picha zile zinawasuta. Zungusha moja mkono kwa mkono, usiseme kitu mpaka imrudie wa kwanza.

Mkunazini: Hapo nimeshindwa, nahama upande.

Bibi Kalamu: Asanteni sana. Picha kwanza, halafu Shangazi Filomena, halafu maonyesho. Jela nitaiachia dakika mbili, shoga yangu asininunie. Shikamoo Mama Pwani, maktaba wanakubali mtu atoe nakala?

Mama Pwani: Marahaba. Mimi walinikubalia kurasa chache. Wahi asubuhi.