Tupeane uzoefu: mliowahi kuelezea uraibu wenu kwa sanaa ya pamoja

Wakuu salama? Mimi nina miaka mitatu tangu niache unga (heroini). Kikundi chetu tunachora ukuta wa jengo tunalokutania, sasa kwenye ushauri nasaha nilimaliza miezi najibu "niko poa" tu, ila nilivyoshikishwa brashi nikajikuta nimechora mlango, saizi ya mlango kabisa, na mkono unagonga kwa nje. Siku ya kuonyesha watu mama akasimama pale weee, mwisho akauliza, "Anayegonga ni mimi?" Nikakosa jibu. Sijawahi kumwambia kwamba nilikuwa namsikia.

Wengine vipi? Kuchora, igizo, ngoma, chochote, mwageni.

Kidole_Tumbo: Hongera mkuu ila muwe makini. Sisi tuliambiwa tuchore "maisha ya zamani", jamaa akachora kijiko na sindano vizuuuri mpaka mikono ikaanza kunitoka jasho, na hapo nina mwezi wa nne tu msafi. Usiku sikulala. Ubongo wetu ukiona vifaa hamu inawaka kabla hata hujawaza. Tukakubaliana vifaa ukutani hapana, anayetaka akachore kwenye daftari lake akae na mshauri.

dada_mkubwa: Mimi sio mraibu, ni ndugu wa aliyekuwa mraibu, sijui kama naruhusiwa humu. Tulishona blanketi la vipande, wazo tulilitoa kwenye lile la Marekani la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, lililotandazwa Washington 1987. Kipande cha mdogo wangu nilikata shati lake. Kuna mama akauliza mbona sijaandika kilichomuua, nikamwambia hapa nimeandika alivyokuwa anapenda kucheka. Hilo lingine wanalisema wote.

Nusu_Kilo: @dada_mkubwa unaruhusiwa sana. Mimi niseme ukweli, kuchora hakujaniponya, kilichonisimamisha ni dozi ya methadoni kila asubuhi, ile dawa ya kutibu uraibu wa heroini. Ila saa kumi na mbili jioni ndo saa yangu mbaya, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, iliisha zamani lakini mwili unakumbuka, sasa muda huo niwe na rangi mkononi afadhali. Nimerudia kutumia mara mbili, ya pili nilipotea wiki sita, narudi kwa aibu najua wameshafuta mchoro wangu, nakuta wamechora kuzunguka, pangu pako vilevile, nusu samaki.

Kidole_Tumbo: Ukammalizia huyo samaki?

Nusu_Kilo: Bado mkia 😂

Kidole_Tumbo: Mleta mada, rangi mnatumia ya mafuta au ya maji? Yetu mvua moja tu imebabuka.

Mleta mada: Ya maji, tunarudia kupaka. Ya mafuta inadumu lakini inataka thina ya kuiyeyushia, nayo harufu yake inalevya kama ya gundi, na wawili kati yetu walianzia kwenye kuvuta gundi.