Tasnifu ya uchumi wa TEHAMA: kulinganisha wenye simu na wasio nazo kuna kosa gani?

Mwana_Kongwa
Wakuu, nasoma uzamili wa uchumi hapa Dodoma, lengo ni PhD kisha kufundisha chuo, upande wa uchumi wa TEHAMA. Pendekezo langu: dodoso kwa wakulima 200 wa mahindi Kongwa, nione kama wenye simu wanauza kwa bei nzuri kuliko wasio nazo. Msimamizi kalirudisha. Nirekebishe wapi?

DebeTupu
Mkuu, mwenye simu mara nyingi ndiye mwenye ekari nyingi na nyumba karibu na lami. Huyo angeuza vizuri hata bila simu. Hata ukihoji 2,000, kosa ni lilelile.

Achana na mkulima mmoja mmoja, fuata soko. Mchumi Jensen, kwenye makala yake ya 2007, alitazama bei za samaki Kerala, India, minara ya simu ilipokuwa ikiwashwa kwa awamu kuanzia 1997. Mwenzake Aker akafanya hivyo kwa nafaka Niger: pengo la bei kati ya masoko lilipungua kwa asilimia 10 hadi 16. Wewe chukua bei ya mahindi soko la Kibaigwa hapo Kongwa, toa bei ya soko jingine wiki ileile, linganisha pengo kabla na baada ya mnara. Utahitaji bei za zamani, maana siku hizi minara imejaa.

Na chunga kipimo! Bei ya gunia si bei ya kilo 100. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, hupita hapo, na kila soko lina lumbesa yake. Usipogeuza zote kuwa kilo, utakuwa umepima ukubwa wa magunia.

Kisanduku
Data ya kaya ipo: NPS, utafiti unaorudi kwa kaya zilezile, wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), tangu 2008/09, unaipakua bure kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia ukijisajili. Ila majira-nukta (GPS) ya maeneo yamesogezwa makusudi kulinda siri, vijijini kwa kawaida hadi kilomita 5. Kwa hiyo usijifanye unajua umbali wa mnara kwa mita.

DebeTupu
Kweli. Na usikimbilie tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 kama tukio la kupimia. Ilianza nchi nzima siku moja, hubaki na kundi la kulinganishia.

Kisanduku
Kuhusu ajira: matangazo huandika "uchumi", ni nadra "uchumi wa TEHAMA", kwa hiyo cheti kisomeke uchumi. Mengi hudai GPA 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili. Ya kwanza ikiwa chini, uzamili hauifuti.