Barua ya HR inawanyima watu fao la kukosa ajira NSSF, halafu inawachelewesha CMA. Hadi lini?

Msumari:

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitauficha. Mtu anaachishwa kazi, anakwenda NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kufuata fao la kukosa ajira, anaambiwa barua aliyonayo haifai. Anarudi kwa mwajiri kuomba barua nyingine, anajibiwa njoo Jumatatu. Zinapita Jumatatu nne, tano. Akishtuka na kukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, anaambiwa muda umepita. Milango miwili imefungwa, na aliyeifunga yote ni yule yule anayedaiwa.

Fao lenyewe kwanza, maana wengi wanalisikia juu juu. Lilikuja na sheria ya 2018, ile iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na sekta binafsi ikabaki NSSF. Ndilo lililochukua nafasi ya fao la kujitoa ambalo watu walilizoea, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi. Masharti: uwe raia wa Tanzania, uwe chini ya miaka 55, uwe umechangia angalau miezi 18, usiwe na kazi nyingine, na usiwe umeacha kazi kwa hiari yako. Ukitimiza, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyekuwa na mshahara wa 600,000 anapata kama 199,800 kwa mwezi, miezi sita basi. Kodi ya nyumba, ada ya mtoto na nauli ya kutafutia kazi vyote vinatoka humo. Aliyechangia chini ya miezi 18 anapewa nusu ya michango yake kwa mkupuo.

Sasa tazameni hilo sharti la "kwa hiari". Hapo ndipo mwajiri anapopiga. Siku ya kukuondoa, HR anakuwekea karatasi mbili mezani. Ya kwanza ni hesabu ya malipo yako. Ya pili imeshachapwa tayari, jina lako juu: "Mimi niliyetajwa hapo juu nimeamua kuacha kazi kwa ridhaa yangu, na sina madai yoyote dhidi ya kampuni." Unaambiwa saini zote mbili hela iingie leo. Mtu mwenye njaa anasaini. Kwa saini hiyo moja ameitwa aliyeacha kwa hiari, NSSF fao hakuna, na CMA itabidi ahangaike kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Sheria inatambua kulazimishwa kuacha kazi kuwa ni kuachishwa, lakini mzigo wa kuonyesha ulivyolazimishwa unaubeba wewe. Ungeachishwa kwa barua ya mwajiri, mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa halali ungekuwa wa kwake. Hii ndiyo faida anayoinunua kwa hiyo karatasi ya pili.

Kwa hiyo msisaini. Malipo ya mwisho ni haki, hayategemei barua ya kujiuzulu: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuichukua, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), kiinua mgongo kama umetimiza miezi 12 mfululizo na hukufukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama uliajiriwa mbali, na cheti cha utumishi. Ukishikiwa kalamu kabisa, andika kwa mkono wako pembeni ya saini: "Nimepokea malipo tu, sijakubali kuacha kazi," weka tarehe, piga picha.

Mchezo mwingine ni wa tarehe. Barua inaandikwa tarehe 3, unakabidhiwa tarehe 28. Kwenye kitabu cha kupokelea andika tarehe ya siku uliyoipokea kweli, kwa mkono wako. Usikubali HR akujazie. Tarehe hiyo ndiyo itakayopiganiwa baadaye, kwa sababu mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali unapelekwa CMA ndani ya siku 30, tangu tarehe ya kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kukuachisha. Kama ulikata rufaa ya ndani ya kampuni (kanuni za mwongozo za 2007 zinakupa siku 5 za kazi kufanya hivyo), siku zinahesabiwa tangu rufaa ilipokataliwa. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, yana siku 60.

Siku 30 kwa mtu aliyekosa kazi! Hiyo ni pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Na waajiri wanazijua vizuri kuliko wafanyakazi. Ndiyo maana wanasema "tunalizungumza ndani, subiri kidogo". Nisikilizeni vizuri: mazungumzo na mwajiri hayasimamishi muda. Ukichelewa unajaza fomu ya CMA F.2 na kiapo kuomba kuongezewa muda, na unatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa nasubiri HR" haikubaliki kuwa sababu ya kutosha. "Sikujua sheria" pia haikubaliki. Kinachosikilizwa ni kama ulilazwa na cheti cha hospitali kipo, au uliwahi kufungua mahali pasipo sahihi ukafuatilia bila kulala.

Halafu fomu yenyewe ya kufungulia mgogoro, CMA F.1. Kufungua ni bure, anayekuomba hela ya fomu ni tapeli. Lakini fomu hii inaua madai mengi kuliko mawakili wa waajiri. Makosa ninayoyaona yanarudiwa ni haya.

Jina la mwajiri. Mtu anaandika jina lililo kwenye bango la duka. Anashinda, tuzo (uamuzi wa CMA) inatoka, halafu wakati wa kuikazia, yaani kuitekeleza, inaonekana jina hilo si kampuni iliyosajiliwa, hakuna wa kumkamata. Chukua jina lililo kwenye mkataba, kwenye slipu ya mshahara, au kwenye taarifa yako ya michango ya NSSF. Yakitofautiana, hakikisha BRELA, wanaosajili kampuni, kabla ya kujaza.

Sehemu B. Ile ni ya waliosimamishiwa ajira, na inauliza kama unalalamikia sababu, utaratibu, au vyote viwili. Wapo wanaoiruka kabisa. Wapo wanaolalamikia utaratibu tu kwa sababu hawakuitwa kwenye kikao cha nidhamu, wakati hata sababu yenyewe ilikuwa ya uongo. Ulichoacha kuandika hakitasikilizwa.

Kiasi. Kila dai na namba yake: notisi kiasi fulani, likizo kiasi fulani, kiinua mgongo, fidia ya miezi mingapi. Ukiandika "haki zangu zote", muamuzi wa CMA anayesikiliza kesi hana cha kukupa, kwa sababu pande zote zinafungwa na kilichoandikwa kwenye F.1. Mwenye mkataba wa muda maalum uliovunjwa katikati, kwa kawaida dai lake ni mishahara ya miezi iliyobaki.

Mahali. Unafungua mkoa ambao mgogoro ulitokea. Uliachishwa kazi Geita, usifungue Dar kwa kuwa ndiko kwenu.

Na kabla CMA haijapokea, mwajiri awe ameshapewa nakala na uthibitisho uwepo. Toa nakala tatu au zaidi. Mlinzi au HR akikataa kugonga mhuri, tuma kwa rejesta posta na utunze risiti. Usirudi nyumbani kwa sababu mlinzi amekataa.

Usuluhishi unatakiwa kumalizika ndani ya siku 30. Usipotokea wewe, lalamiko linaweza kufutwa, asipotokea mwajiri msuluhishi anaweza kuamua bila yeye. Ukishindikana, kesi inakwenda kwa muamuzi na huko ni ushahidi: mkataba, slipu, barua, meseji, mashahidi. Kama uliitwa kwenye kikao cha nidhamu chini ya saa 48 kabla, au mwenyekiti wa kikao ndiye aliyekushtaki, hilo ni tatizo la mwajiri, lipelekeni.

Ninachokasirikia zaidi ni kwamba mwajiri anayekata asilimia 10 ya mshahara wa mtu kila mwezi na kuila, asiipeleke NSSF, anatenda kosa kisheria, lakini anayeambiwa "michango yako haijatimia miezi 18" ni mfanyakazi. Adhabu inamwangukia aliyeibiwa!

Dada Mhasibu:

Mkuu Msumari, naunga mkono. Naongeza upande wa hesabu, maana wengi wanapunjwa pale bila kujua.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Tatizo ni siku moja ni kiasi gani. Jedwali la sheria ya ajira linasema mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 upate wa wiki, kisha ugawe kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. Anayefanya kazi siku 6 ni sawa na kugawa kwa 26. Mshahara wa 600,000 unakuwa 23,077 kwa siku, mara 7 ni 161,538, mara miaka 8 ni 1,292,308. Kampuni zinagawa kwa 30, inatoka 20,000 kwa siku, jumla 1,120,000. Hiyo 172,308 imebaki kwa mwajiri, na mtu amesaini "sina madai". Anayefanya kazi siku 5 anapunjwa zaidi.

Kuhusu michango: ombeni taarifa ya michango NSSF mkiwa bado kazini, kila baada ya miezi mitatu hivi. Angalieni vitu viwili, miezi iliyorukwa na kiwango cha mshahara kilichoandikwa. Kuna waajiri wanawasilisha michango kwa mshahara mdogo kuliko unaolipwa, na baadaye fao linahesabiwa kwa huo mdogo. Ukiona pengo, peleka malalamiko ya maandishi ofisi ya NSSF pamoja na slipu zinazoonyesha ulikatwa, uombe wakague. Slipu ndiyo ushahidi, msizitupe. Na majina yenu kwenye NIDA, NSSF na benki yafanane herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" inatosha kurudisha faili.

Watumishi wa umma wasifuate njia hii moja kwa moja. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2016 wanatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma kabla ya CMA. Zanzibar nako wana sheria zao na mfuko wao, ZSSF.

Swali: mtu akishinda CMA na mwajiri akaenda Mahakama Kuu, anasubiri tu?

Msumari:

Asante dada yangu, hiyo hesabu ya 26 watu waichape watembee nayo.

Hapana, hasubiri tu. Tuzo ya CMA haikatiwi rufaa, inaombewa mapitio (mahakama ikague uamuzi) Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6 tangu kupokea tuzo. Anayeomba lazima kwanza awasilishe CMA F.10, notisi ya kusudio. Mwangalieni hapo, wako waajiri ambao maombi yao yametupwa kwa kuikosa. Sheria inambana na mfanyakazi vile vile, ukishindwa na unataka mapitio usisahau F.10.

Maombi ya mapitio peke yake hayazuii kukazia tuzo mpaka mahakama itoe amri ya kusimamisha. Kwa hiyo fungua maombi ya utekelezaji mapema, na ukipewa nafasi ya kujibu ombi lake la kusimamisha, omba aweke dhamana ya fedha. Uwe umeshakusanya akaunti za benki za kampuni (angalia muamala uliokulipia mshahara), namba za magari, na viwanja kama unavifahamu. Dalali wa mahakama, yule anayekamata mali, hatakutafutia mali hizo. Baada ya Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani inasikiliza hoja za kisheria tu, na notisi ya rufaa ni siku 30.

Wenye barua wanazotaka zisomwe, futeni majina na jina la kampuni, bandikeni hapa chini pamoja na tarehe mliyopokea. Tutaanza na wale ambao siku zao 30 hazijaisha.