Mrejesho: safari ya Kalangala kutoka Mbarara kwa pesa kidogo

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuwafikisha watoto na mama mkwe Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Victoria, Uganda, bila kukausha akiba. Tumerudi salama, asanteni sana.

Kilichookoa pesa nyingi ni ushauri wa kutofika Entebbe kufuata meli. Tulishuka Masaka, tukapanda taksi ya Bukakata ufukweni, kisha feri ya kuvukia Luku, upande wa kisiwani, ambayo haimtozi abiria hata shilingi. Inavuka mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo ukichelewa hulali njiani. Mama mkwe alinung'unika kubadilisha magari, mpaka alipoliona ziwa.

Ule ushauri wa kugawa pesa kwenye bahasha, kila matumizi na yake, ulifanya kazi nusu. Ya nauli ilinisaidia kweli. Ya chakula ilivurugika mapema, maana noti ya elfu hamsini kwa muuza chapati haina chenji, ikabidi nichote kwenye bahasha nyingine. Vunjeni noti Masaka. Kulipa kwa simu kuliniepusha na ada ya kutoa pesa pamoja na ile kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa ukitoa pesa kwenye simu, ila wachuuzi wengine walitaka taslimu tu.

Ushauri wa kubeba chakula cha siku zote sikuufuata. Nivuke ziwa nikale maharagwe ya jana, na samaki aina ya ngege wapo?

Dada uliyesema kila mtu abebe begi moja la mgongoni, Mungu akubariki. Hatukupoteza hata soksi.