Kikundi cha Ukoo wa Bibi Skola

Baba Mdogo Peter: Wanaukoo, amani. Shangazi yenu Yustina bado anatokwa damu. Naomba tuchange nauli aende Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Naanza na 50,000.

Mama Happy: Shikamoo baba mdogo. Natuma jioni. Ila si zahanati walisema ni yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo?

Baba Mdogo Peter: Marahaba. Ndivyo walivyosema. Vidonge kameza mpaka vimemchosha. Anasema hakuna aliyewahi kumpandisha kitandani akamtazama. Anaulizwa, anaandikiwa, anaondoka.

Doris nesi: Shikamooni. Mama aliyekwisha koma hedhi akitoka damu, hilo peke yake linatosha kumwandikia rufaa siku hiyohiyo 😔

Kelvin: Si kuna kipimo cha siki? Wife alifanyiwa kituo cha afya hapa Kinondoni, majibu palepale.

Doris nesi: Hicho ni cha asiye na dalili. Wanapaka siki kwenye shingo ya kizazi, penye shida panageuka peupe, anatibiwa kabla haijawa saratani. Shangazi kashavuka hapo. Yeye akatwe kinyama kipimwe.

Kelvin: Yaani mke wangu mzima kapimwa, shangazi mgonjwa hata kutazamwa hajatazamwa. Kisa yuko Rukwa.

Baba Mkubwa Deo: Mimi nasema tuanze na yule mzee wa Laela. Dawa zake watu wamepona.

Doris nesi: Shikamoo baba mkubwa. Hapana jamani.

Baba Mkubwa Deo: Marahaba. Nimechangia mawazo tu.

Doris nesi: Baba mdogo, Dar isubiri kidogo. Akienda bila majibu ya kinyama ataanza upya huku analipia chumba. Aanzie hospitali ya mkoa Sumbawanga, apate na barua ya rufaa. Na nauli ndiyo ndogo. Akipangiwa mionzi ni kama wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Wengi wanakatisha hapo, hela ya kula na kulala imeisha.

Mama Happy: Kulala asiwaze, Mbagala kwangu kuna kitanda. Doris, natoka nje ya mada: shuleni kwa Happy wanaleta chanjo ya shingo ya kizazi. Eti inafunga uzazi?

Doris nesi: Haifungi. Inakinga kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta hii saratani. Ilianza 2018 kwa wa miaka 14, sindano mbili. Tangu 2024 ni miaka 9 hadi 14, moja tu. Mpeleke.

Baba Mdogo Peter: Nani anampeleka Sumbawanga Jumatatu? Bodaboda hawezi.

Kelvin: Nalipia gari.

Baba Mkubwa Deo: Nitakwenda naye. Wakimwandikia vidonge tena je?

Doris nesi: Usiondoke, nipigie hapohapo. Na ukifika usiseme "anaumwa tumbo" kwa aibu. Sema kakoma hedhi miaka mingi na anatoka damu.

Baba Mkubwa Deo: Mbele ya watu wote?

Doris nesi: Mwambie nesi pembeni, baba mkubwa 😂 Ila useme.

Baba Mdogo Peter: Sawa. Michango kwa namba yangu ileile, nitaweka orodha usiku.