Homa ya ini ya kinga kujishambulia: kupima saitokaini kunasaidia?

Zuhura_M: Habari zenu wakuu. Mgonjwa yuko kwenye prednisoloni na azathioprini (dawa za kutuliza kinga). ALT (kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikiumia) imerudi kawaida, ila IgG (kingamwili za damuni) bado iko juu. Tukipima IL-6 na TNF-alfa (saitokaini, yaani protini za ujumbe kati ya seli za kinga) tutajua kama ini bado linashambuliwa? Na kwa nini tusiizuie TNF-alfa moja kwa moja?

Mganga_Ini: IL-6 haitakusaidia hapo. Inapanda kwa maambukizi yoyote, hata ya jino. Kazi yenyewe iko ndani ya ini: seli T (seli za kinga) zinamwaga saitokaini ya interferoni gama, nayo inazifanya seli za ini zionyeshe HLA (alama za utambulisho juu ya seli) kwa wingi, kwa hiyo zinatambulika na kuvamiwa zaidi. Damu ya mkononi haikuonyeshi hayo. Iamini IgG. ALT inaweza kuwa safi huku biopsi (kipande cha ini kinachopimwa) bado ina uvimbe, kwa hiyo usikimbilie kupunguza prednisoloni. Hakikisha kwanza anameza azathioprini kila siku na dozi inaendana na uzito, kwa kawaida mg 1 hadi 2 kwa kilo. Kabla ya kuipandisha angalia seli nyeupe. Zikiwa zimeshuka, usiipandishe.

Benchi_la_Maabara: Kwa wanaopima kwa utafiti, mtego mkubwa ni TGF-beta, saitokaini nyingine. Chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zimeijaza tele, na damu ikiganda huimwaga yote, hivyo seramu (maji ya damu iliyokwisha kuganda) inatoa namba kubwa ambayo ini halihusiki nayo. Chukua plazma ya EDTA (maji ya damu iliyozuiwa kuganda), izungushe mara mbili kuondoa chembe sahani, igawe kwenye vichupa vidogo, kisha igandishe nyuzi -80. Kuyeyusha na kugandisha tena kunaharibu sampuli. Halafu, TGF-beta nyingi imefungwa kwenye protini nyingine. Bila kuiamsha kwa asidi na kuisawazisha asidi hiyo kwa besi kabla ya ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili), utasoma ile iliyo huru tu.

Seli_Tuliza: Kuhusu TNF-alfa: infliximabu, dawa inayoizuia, yenyewe inaweza kuchochea homa ya ini ya aina hiihii. Imejaribiwa kwa wachache walioshindwa na dawa za kawaida, baada ya kuchunguzwa kifua kikuu na hepatitisi B. Ugumu ni kwamba saitokaini moja ina kazi nyingi. TGF-beta peke yake inasaidia kuzalisha seli T tuliza, zinazozuia kinga isijishambulie. Ikikutana na IL-6, seli changa zilezile zinageuka Th17 (aina ya seli T shambulizi) na kuchochea uvimbe. Papo hapo TGF-beta inaamsha seli nyota za ini zitengeneze kovu. Ndiyo maana watafiti wanaijaribu IL-2, saitokaini nyingine, kwa dozi ndogo: seli tuliza zina vipokezi vyake vya CD25 vingi, kwa hiyo zinaidaka kabla ya seli shambulizi.

Zuhura_M: Nimewaelewa. IgG isiposhuka baada ya kurekebisha dozi?

Mganga_Ini: Biopsi.